Homa Imeshuka, Mtoto Bado Halali

Siku mtoto anaporuhusiwa kutoka hospitalini, mzazi hukabidhiwa karatasi. Limeandikwa jina la ugonjwa, dawa alizopewa wodini, dawa za kwenda kumalizia nyumbani na tarehe ya kurudi kliniki. Kama ilikuwa nimonia, imeandikwa kwamba kifua kimesafika. Kama ilikuwa homa ya uti wa mgongo, imeandikwa kwamba homa imeshuka na degedege limekoma. Karatasi hiyo haisemi kwamba mtoto alishikiliwa mikono na miguu na watu wazima watatu ili dripu iingie. Haisemi kwamba usiku mmoja alimwona mwenzake wa kitanda cha pili akifunikwa shuka hadi usoni, asubuhi kitanda kikawa kitupu, na hakuna aliyemweleza kitu. Wala haisemi kwamba siku za mwisho aliacha kulia, na akaacha na kuongea.

Wiki kadhaa baadaye mzazi huyohuyo anashangaa. Mtoto aliyekuwa ameshazoea kwenda chooni mwenyewe anakojoa kitandani. Hataki taa izimwe. Akimwona mtu yeyote aliyevaa koti jeupe, hata kama ni kinyozi, anaficha mkono nyuma ya mgongo, mkono uleule uliokuwa na kanula, ule mrija mdogo wa dripu. Ndugu mmoja anasema amedekezwa hospitalini. Mwingine anasema atasahau, watoto wanasahau haraka. Na kwa kuwa vipimo vyote vimerudi safi, hakuna anayeona sababu ya kumrudisha kwa daktari.

Msimamo wangu ni huu: matibabu ya mtoto aliyelazwa kwa ugonjwa wa kuambukiza hayajakamilika mpaka awepo mtu aliyeuliza usingizi wake, hofu zake na tabia yake zikoje. Na sehemu ya madhara tunayoyaona baadaye tunayatengeneza wenyewe, kwa namna tunavyomtenga. Vimelea vina lawama yao, nami nitaifikia. Lakini uamuzi wa kumweka mtoto peke yake nyuma ya mlango ni wa kwetu, kwa hiyo uko ndani ya uwezo wetu kuubadilisha.

Tuanze na takwimu, maana zimeshawatia hofu wazazi wengi. Mwaka 2019, katika jarida la JAMA Psychiatry, watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi uliofuatilia kumbukumbu za afya za watu zaidi ya 1,000,000 waliozaliwa kati ya mwaka 1995 na 2012. Walikuta kwamba waliowahi kulazwa kwa maambukizi makali walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 84 wa kuja kugundulika hospitalini na tatizo la afya ya akili wakiwa bado watoto au vijana. Uwezekano wa kupewa dawa za magonjwa ya akili ulizidi kwa asilimia 42. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kipindi cha karibu baada ya maambukizi, kisha ikapungua kadiri muda ulivyokwenda.

Mzazi anayesoma asilimia 84 anaweza kudhani kwamba watoto 84 kati ya 100 wanaolazwa wataugua akili. Sivyo kabisa. Tuseme katika watoto 100 ambao hawakuwahi kulazwa, watatu wangekuja kugundulika na tatizo. Ongezeko la asilimia 84 linawafanya wawe watano au sita. Waliobaki, yaani zaidi ya 90, hawagunduliki na lolote. Kwa mzazi mmoja mwenye mtoto mmoja, hiyo ni habari ya kutuliza moyo. Kwa hospitali inayopokea maelfu ya watoto kwa mwaka, ni idadi kubwa ya watoto wanaotoka mlangoni bila mtu wa kuwafuatilia.

Kuhusu chanzo, wanasayansi wanaendelea kubishana. Wapo wanaotazama uvimbe unaosambaa mwilini wakati kinga inapopambana na maambukizi, na namna kemikali zake zinavyougusa ubongo. Wapo wanaotazama dawa za antibiotiki na bakteria wa tumboni. Wapo wanaokumbusha kwamba kurithi kunaweza kuchangia, na kwamba hali ya maisha ya familia inaweza kumfanya mtoto augue mara kwa mara na papo hapo kumpa msongo wa mawazo. Mjadala huo una maana na ni vizuri uendelee. Lakini kuna jambo ambalo kumbukumbu za serikali haziwezi kulionyesha hata zikiwa za watu milioni moja. Zinaonyesha mtoto alilazwa lini na kwa ugonjwa gani. Hazionyeshi kama usiku ule mama yake aliruhusiwa kubaki.

Nirudi kwenye lawama ya vimelea. Yapo maambukizi yanayouingia ubongo moja kwa moja, na hapo hakuna haja ya kutafuta maelezo ya mbali. Malaria ikipanda kichwani inaweza kuacha alama hata baada ya vimelea kuisha kwenye damu. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliougua malaria ya ubongo. Miaka miwili baadaye, takribani mmoja kati ya kila wanne alikuwa na upungufu katika mambo kama umakini, kumbukumbu na uwezo wa kujifunza. Miongoni mwa watoto wa jamii ileile ambao hawakuugua, waliokuwa na upungufu huo hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria nayo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, humwachia madhara ya kudumu mmoja kati ya kila watano wanaopona.

Moja ya madhara hayo ni uziwi, na hapa naomba msomaji avumilie nikae kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo uonevu mkubwa hufanyika bila mtu kukusudia. Mtoto aliyepoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo hajui kwamba amepoteza usikivu. Hana namna ya kulieleza. Anachojua ni kwamba watu wamebadilika: wanamjia ghafla kutoka nyuma, wanakasirika bila sababu, mdomo wa mwalimu unachezacheza kisha darasa zima linageuka kumtazama. Anaitwa, haitiki. Anaambiwa mkaidi. Anachapwa. Baada ya muda anajitenga, au anakuwa mgomvi, na wanaomzunguka wanasema ugonjwa ulimharibu tabia. Miongozo ya matibabu ya Uingereza inataka mtoto aliyepona homa hiyo apimwe usikivu mapema, ikiwezekana kabla hajatoka hospitalini, na isizidi wiki nne tangu awe na nguvu za kupimwa. Kipimo hicho huwa kinahesabiwa kuwa cha masikio. Mimi nakihesabu pia kuwa cha afya ya akili, maana mtoto anayejulikana kuwa hasikii haadhibiwi kwa kutosikia.

Hali kama hiyo huwapata watoto ambao ugonjwa wa koo unaoletwa na bakteria wa streptokoka umewaachia mtikisiko wa viungo, hali ambayo madaktari wanaiita korea ya Sydenham. Wiki au miezi baada ya koo kupona, mikono inaanza kurukaruka yenyewe, mwandiko unaharibika, mtoto analia na kucheka ovyo, wengine wanashikwa na mawazo yasiyowatoka. Mwalimu asiyeijua hali hiyo ataona utukutu tu.

Kwa hiyo sipuuzi biolojia. Lakini watoto wengi wanaobadilika baada ya kulazwa hawakuguswa ubongo na ugonjwa wowote. Walikuwa na nimonia, kuhara kukali, surua, maambukizi ya damu au ya mfupa. Kilichowagusa ni kulazwa kwenyewe, na hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 70.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi na daktari wa magonjwa ya akili ya watoto John Bowlby jijini London, alianza kukaa wodini na kutazama tu. Wakati huo hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache kwa wiki, na katika hospitali za magonjwa ya kuambukiza wazazi wengi waliishia kuchungulia dirishani. Sababu iliyotolewa ilikuwa vijidudu. Sababu iliyosemwa chini chini ni kwamba wazazi wakija, watoto wanalia, na wodi inavurugika.

Robertson aliona kwamba kilio hicho kina hatua zake. Kwanza mtoto anapinga: analia, anamwita mama, anatazama mlango. Kisha anakata tamaa, ananyamaza, anakaa kitandani ameinamisha kichwa. Mwisho anajitenga moyoni. Anawachangamkia wauguzi wote, anapokea chochote anachopewa, na mama akija anamtazama kama mtu baki. Hatua hii ya tatu ndiyo wahudumu waliyoisifu. Walisema mtoto ametulia, ameizoea wodi. Mwaka 1952 Robertson aliirekodi hali hiyo kwa kamera akimfuata mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku chache kwa upasuaji mdogo, akawaonyesha madaktari wa London. Wengi walikasirika. Walisema amewachafulia jina.

Hasira ile inaeleweka. Muuguzi mwenye vitanda vingi kuliko mikono yake anahitaji watoto watulivu ili kazi iende, na si kosa lake kuona unafuu kilio kinapokoma. Lakini Waswahili walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye hamlilii tena mama yake, haulizi atakuja lini, hashtuki sindano inapokuja, ndiye wa kwanza kuangaliwa katika raundi ya asubuhi. Anayepiga kelele bado anaamini kwamba kuna mtu wa kumsikia.

Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt iliishauri serikali ya Uingereza kwamba wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vikwazo vya saa, na akina mama wa watoto wadogo wapewe nafasi ya kulala nao. Mwaka 1988 vyama vya Ulaya vinavyotetea watoto walio hospitalini vilikutana Leiden, Uholanzi, vikaandika mkataba wenye vifungu 10, na kimojawapo kinasema mtoto ana haki ya kuwa na mzazi au mlezi wake muda wote. Wakati wote. Hakikuweka pembeni wagonjwa wa kuambukiza. Hata hivyo, wodi ya kutenga imebaki kuwa mlango ambao haki hiyo inakwamia, na janga la Uviko-19 lilituonyesha jinsi sheria za zamani zinavyorudi haraka: katika nchi nyingi mzazi mmoja tu aliruhusiwa, kwingine hakuruhusiwa hata huyo mmoja.

Hali inakuwa nzito zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha watoto waliotoka chumba hicho na wale waliolazwa wodi za kawaida. Asilimia 21 ya kundi la kwanza walikutwa na dalili kamili za kiwewe miezi kadhaa baadaye. Katika kundi la pili hakukutwa hata mmoja. Kundi lilikuwa dogo, si busara kulifanya kipimo cha dunia nzima, lakini tofauti hiyo haipuuziki.

Utafiti mwingine wa London, wa mwaka 2008, uliwauliza watoto wenyewe wanakumbuka nini. Takribani theluthi moja walisimulia mambo ambayo hayakutokea: maono ya kutisha waliyoyaona wakiwa chini ya dawa za usingizi na za maumivu. Watoto hao ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za kiwewe. Tafakari maana yake. Mtoto amerudi nyumbani akiamini kwamba wauguzi walitaka kumuua, au kwamba wadudu walikuwa wanatoka ukutani, na hajamwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mzazi naye anadhani mtoto hakumbuki kitu, kwa kuwa alikuwa amelazwa usingizi. Hospitali kadhaa zimejaribu njia rahisi: daftari kando ya kitanda, ambamo wauguzi na ndugu huandika kwa maneno ya kawaida kilichotokea siku hiyo, nani alikuja, mashine ile ya kupumulia ilikuwa ya nini. Baadaye mtoto anasomewa, na pengo lililojazwa na maono linapata simulizi ya kweli.

Watoto wadogo zaidi wana mzigo wao wa pekee. Mtoto wa miaka minne au mitano hulielezea kila jambo kubwa kwa matendo yake mwenyewe. Aliambiwa asicheze kwenye maji machafu, akacheza, akaugua, akapelekwa mahali ambapo watu waliofunika nyuso wanamchoma. Kwake hiyo ni adhabu. Nasi tunamsaidia kuamini hivyo kila tunaposema, "Ukilia daktari atakuchoma sindano." Sentensi hiyo inatamkwa kila siku na watu wanaompenda mtoto kwa moyo wote, na inageuza dawa kuwa kiboko. Ningependa ipigwe marufuku majumbani na wodini.

Hapa ndipo mtu wa kuzuia maambukizi atauliza: ugonjwa unaoua je, nao tuwaingize wazazi? Swali ni la haki. Na jibu zuri kuliko yote lilitoka mashariki mwa Kongo, katika mlipuko wa Ebola ulioanza mwaka 2018. Shirika la kitabibu la ALIMA lilitumia huko vyumba vya kutenga vyenye kuta za plastiki angavu, ambavyo mhudumu anaweza kumhudumia mgonjwa akiwa nje kupitia mikono ya glavu iliyoshikizwa ukutani, na ndugu wanaweza kukaa upande wa pili, wakamwona na kuzungumza naye. Uso ukaonekana. Kwa mtoto, tofauti kati ya macho mawili nyuma ya miwani na uso mzima wa mtu anayemfahamu haina kipimo. Huko huko Beni na Butembo, watu waliokuwa wamepona Ebola, ambao miili yao tayari ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Waliweza kuwabeba. Ikiwa katika ugonjwa wa kutisha kama huo iliwezekana kutenga vimelea bila kumtenga mtoto na uso wa binadamu, basi kwa kuhara, surua na nimonia hatuna utetezi. Mlezi aliyechanjwa au aliyewahi kuugua surua anaweza kukaa na mwanawe. Mwenye barakoa, aliyefundishwa kunawa mikono, anaweza kukaa na mwenye nimonia. Na mara nyingi mlezi huyo alikuwa analala na mtoto chumba kimoja hadi asubuhi ya kulazwa.

Kuna mambo mengine ya kitandani ambayo hayahitaji hata chumba kipya. Tazama jinsi mtoto anavyochomwa sindano. Mahali pengi bado analazwa chali, mmoja anabana miguu, mwingine kifua, wa tatu anatafuta mshipa. Kulala chali huku umebanwa kunamwambia mtoto kwamba anashambuliwa. Akikalishwa kwenye mapaja ya mama, kifua kwa kifua, mkono mmoja ukiwa umetolewa nje, anashikika vilevile na hofu yake inapungua. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo kuhusu kupunguza maumivu wakati wa chanjo: mlezi awepo, mtoto mdogo abebwe, mchanga anyonyeshwe ikiwezekana, mhudumu awe mtulivu na aseme ukweli. Kama hayo yanafaa kwa sindano moja ya chanjo, yanafaa zaidi kwa mtoto anayechomwa asubuhi na jioni kwa siku kumi.

Kusema ukweli ndiko kunakotushinda zaidi. "Haiumi" ni uongo, na mtoto anaugundua ndani ya sekunde mbili. Kuanzia hapo hakuna neno la mtu mzima yeyote wodini atakaloliamini, likiwemo lile la "mama anarudi sasa hivi". Mlezi anayetoroka mtoto akiwa amelala, ili asilie, anamfundisha kwamba kulala ni hatari. Heri aage, mtoto alie, arudi saa aliyoahidi.

Sasa mtoto yupo nyumbani. Wengi hubadilika kwa siku au wiki chache: wanang'ang'ania mama, wanarudia kunyonya kidole, wanakula kidogo, wanakasirika upesi. Hiyo ni kawaida na mara nyingi hupita yenyewe. Utaratibu wa zamani wa nyumba ndio unaomponya: saa ileile ya kulala, kazi ndogo ndogo zilezile, mipaka ileile. Akicheza mchezo wa hospitali, amchome sindano mwanasesere mara 20, mwache. Anajaribu kuwa yeye ndiye mwenye sindano. Ukikaa karibu na kumuuliza mgonjwa anaendeleaje, utasikia mengi ambayo hangekueleza ukimuuliza moja kwa moja. Kumlazimisha asimulie yote kwa mkupuo hakusaidii. Shirika la Afya Duniani limeshauri kutotumia vikao vya aina hiyo, vya kumkamua mtu tukio lote mara tu baada ya mshtuko.

Cha kuangalia ni muda na uzito. Ikiwa mwezi umepita na bado ndoto za kutisha zinarudi, anakwepa chochote kinachofanana na hospitali, anashtuka kwa kila sauti, amepoteza hamu ya kucheza, au anagoma shule kwa maumivu ya tumbo ambayo hayaonekani kwenye vipimo, hapo anahitaji mtu mwenye ujuzi. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, ambayo humshirikisha mlezi na kumrudisha mtoto taratibu kwenye anachokiogopa, ina ushahidi mzuri. Mkubwa zaidi, aliyefikia balehe, anaweza asilie wala asiogope waziwazi. Ataacha dawa, ataacha marafiki, au atasema hakuna maana ya kupanga chochote. Akisema hataki kuishi, asisubirishwe hadi tarehe ya kliniki.

Na mzazi je? Mara nyingi kiwewe cha mzazi na cha mtoto hutembea pamoja. Mama aliyemwona mwanawe akipigwa na degedege huamka usiku kuhakikisha anapumua, naye mtoto anaamka kila mara akikuta uso wenye hofu juu yake. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Marekani, Morris Green na Albert Solnit, walieleza jinsi wazazi waliowahi kuambiwa mtoto wao atakufa wanavyoendelea kumlea kama yai hata baada ya kupona kabisa: hachezi na wenzake, hapewi kazi, hakatazwi kitu, kila chafya inapelekwa hospitali. Mtoto anaisoma hofu hiyo na kuiamini. Kumuuliza mzazi analalaje ni sehemu ya kumtibu mtoto, na nasikitika kwamba baba husahaulika kabisa katika swali hilo.

Najua jibu nitakalopewa na wanaofanya kazi wodini. Vitanda vimejaa, watoto wawili wanalala kimoja, wauguzi wawili wanahudumia wodi nzima, mtaalamu wa afya ya akili wa watoto hayupo hata hospitali ya ngazi ya juu. Yote ni kweli, na muuguzi anayelazimika kumbana mtoto anayepiga mayowe mara kumi kwa zamu anaumia pia. Ndiyo maana sidai kwamba kila mtoto aonane na mwanasaikolojia. Nadai vitu vidogo kuliko hivyo. Saa za kutembelea zisimhusu mlezi wa mtoto. Kibali hicho mara nyingi kiko mikononi mwa uongozi wa hospitali, hakisubiri bajeti. Wauguzi wafundishwe kumtambua mtoto aliyenyamaza. Waliopona homa ya uti wa mgongo wapimwe masikio. Na katika kliniki ya kurudi, baada ya kusikiliza kifua, mhudumu ainame amuulize mtoto mwenyewe analala vipi na anaogopa nini, kisha amuulize mlezi nini kimebadilika, na aandike majibu yote mawili kwenye faili.

Wachache ambao majibu yao yatatisha wapelekwe kwa mtaalamu aliyepo, hata kama yupo mmoja kwa mkoa mzima, na hata kama anaonekana mara moja kwa mwezi. Foleni yake itakuwa ndefu. Lakini itakuwa foleni ya watoto wanaojulikana, wenye majina na tarehe kwenye faili, na wizara inayopanga ajira za mwaka unaofuata haitaweza kusema hakuna wagonjwa.